Ghorofa 12 kwenye kiwanja cha marehemu baba: jibu kwa msomaji wa Mwanza

*Swali:* «Mhandisi, shikamoo. Sisi ni ndugu watano na tuna nyumba aliyotuachia marehemu baba katikati ya jiji la Mwanza, iliyojengwa mwaka 1958 kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mbele kuna fremu nne za maduka, nyuma anaishi mama. Hati bado ina jina la baba. Jirani amebomoa nyumba yake na anajenga ghorofa tisa. Amechimba shimo refu karibu kabisa na ukuta wetu, na tangu mwezi Machi ukuta huo una ufa na mlango wa chumba cha mama unakwama. Wakati huohuo mwekezaji ametufuata. Anataka kujenga ghorofa 12, atupe flati nne na asilimia 20 ya kodi kwa miaka 30, kisha jengo lote liwe letu. Anataka tusaini na tumkabidhi hati halisi kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka mkubwa anasema tusipojenga ghorofa jiji litatunyang'anya kiwanja. Mdogo wetu anasema Mwanza ni mwamba mtupu, kwa hiyo msingi si tatizo. Mimi najiuliza kwa nini kila mtu anakimbilia maghorofa wakati sakafu za juu za yaliyopo hazina wapangaji. Tufanye nini?»

*Jibu:* Marahaba. Umeuliza mengi, na karibu yote yanaweza kusubiri hadi familia ikae kikao na wataalamu wafike. Lisiloweza kusubiri ni mlango wa chumba cha mama, kwa hiyo naanza na huo, mwekezaji tutamrudia.

Mlango unaweza kukwama kwa sababu zisizo na madhara. Mwezi Machi ni wa masika, na mbao huvimba zikipata unyevu. Ukiona mlango umekwama bila ufa wowote ukutani, subiri jua la Juni ndipo uanze kuhofia. Lakini wewe umeniandikia kwamba mlango na ufa vimekuja pamoja, kwenye ukuta uleule, baada ya jirani kuchimba, na hapo siwezi tena kuisingizia mvua. Udongo ulio chini ya nyumba yenu unasimama kwa sababu umebanwa pande zote, kama magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani hadi karibu na paa: ukichomoa la chini upande mmoja, yale ya juu hayaanguki papo hapo, bali huanza kuinama polepole kuelekea pale palipoachwa wazi. Shimo la jirani ndilo gunia lililochomolewa. Msingi wa nyumba ya mwaka 1958, ambao kwa kawaida ni wa mawe na hauna nondo, hauwezi kuvumilia kuinama huko, kwa hiyo upande wa shimo unashuka, upande wa pili unabaki, na ukuta unapasuka kwa mshazari, mara nyingi kuanzia kwenye kona ya mlango au dirisha kwa sababu hapo ndipo ulipo dhaifu zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo watu wachache hulifikiria. Katikati ya Mwanza, hasa kuelekea ziwani na kandokando ya Mto Mirongo, maji ya ardhini hayako mbali. Jirani akiweka pampu na kuyavuta usiku na mchana ili mafundi wake wafanye kazi pakavu, maji yanaondoka chini ya kiwanja chake na chini ya chenu pia, na udongo uliokuwa umejaa maji unajibana na kushuka. Kwa hiyo hata kama kuta za shimo lake zimezuiwa vizuri, nyumba yenu inaweza kushuka kwa sababu ya pampu. Ukipita pale, angalia kama kuna bomba linalomwaga maji kwenye mtaro mchana kutwa, kisha andika tarehe.

Leo hii, kabla hujaendelea na mengine, chukua penseli na rula. Piga mstari mfupi unaokata ufa katika sehemu tatu, pima upana wa ufa katika kila sehemu, andika kipimo na tarehe palepale ukutani, kisha piga picha rula ikiwa inaonekana. Rudia kila baada ya siku tatu. Ufa wa milimita 1 au 2 usiokua ni jambo la kufuatiliwa. Ufa unaozidi milimita 5, au unaokua kila unapopima, ni jambo la kumhamisha mama kutoka katika chumba hicho siku hiyohiyo na kufunga fremu zilizoegemea ukuta huo hadi mhandisi afike. Kwa maoni yangu mama asilale tena katika chumba hicho hata sasa. Kumhamishia chumba cha upande wa pili hakuna gharama.

Sitaki kukutisha, lakini sitaki pia uidharau hali hiyo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na watu zaidi ya 20 walifariki. Waliokuwapo walieleza kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Jengo lile lilikuwa limesimama na kufanya biashara siku zote, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa ndugu zako walielewe: jengo lililosimama miaka mingi linatuambia kwamba ardhi iliyo chini yake ilitosha, mradi hakuna aliyeigusa.

Baada ya hapo, mwandikie jirani barua, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya jiji na kwa mhandisi aliyetajwa kwenye kibao cha mradi. Kibao hicho kinapaswa kuwapo, nacho kinamtaja mkandarasi, mhandisi mshauri na mbunifu majengo. Kisipokuwapo, litaje hilo katika barua kwa sababu lenyewe ni kosa. Omba mambo matatu: michoro ya namna shimo linavyozuiwa lisibomoke, ripoti ya hali ya nyumba yenu iliyofanywa kabla ya uchimbaji kama ipo, na nakala ya bima ya ujenzi. Mkandarasi mwenye uzoefu hupiga picha za kila ukuta wa majirani kabla ya kuingiza mashine, kwa faida yake mwenyewe, ili asije akalipa nyufa za miaka 20 iliyopita. Msipojibiwa ndani ya siku chache, pelekeni malalamiko Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Msianze kwa kugombana mtaani, kwa sababu mtamhitaji jirani huyu akubali kusimamisha kazi kwa hiari, jambo ambalo hutokea haraka kuliko amri yoyote.

Sasa nije kwa mdogo wako na mwamba wake. Kauli yake nimeisikia kwa watu wengi, wakiwamo mafundi wazuri, na inatokana na macho: ukisimama Mwanza popote unaona mawe. Miamba hiyo ni matale (graniti) yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwa ugumu wake haina shida kubeba ghorofa 12. Shida ni namna ilivyokaa. Kwa muda mrefu mno maji yalipenya kwenye nyufa za mwamba na kuuozesha kuanzia nyufa hizo kwenda ndani, yakaacha mabonge makubwa ya mawe magumu yaliyozungukwa na udongo wa changarawe. Mahali ambapo mvua ilisomba udongo huo, mabonge yamebaki juu yakiwa yamebebana. Hilo Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni analipiga picha pale ziwani ni mfano wake. Lakini mahali ambapo udongo haukusombwa, mabonge kama hayo bado yamezikwa, na mengine yako chini ya mitaa yenu ya katikati ya jiji.

Fundi anapochimba mita 3 na sururu ikagonga jiwe, anatangaza kwamba amefika kwenye mwamba. Huenda ni kweli, na huenda amegonga kichwa cha bonge lenye ukubwa wa daladala ambalo chini yake kuna udongo laini. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanja kimoja ambapo nguzo nne zilikuwa tayari kusimamishwa juu ya kitu kilichoitwa mwamba. Tulipotoboa kwa mashine, tatu zilikuwa juu ya mwamba kweli. Ya nne ilipita kwenye jiwe gumu kwa mita 2 na nusu, kisha bomba la kutobolea likazama ghafla kama kijiko kwenye uji. Jengo lingesimamishwa hivyo, nguzo tatu zingebaki palepale na ya nne ingeshuka, na hakuna zege linalopenda kuvutwa namna hiyo. Ndiyo maana uchunguzi wa udongo unapaswa kutoboa ndani ya mwamba walau mita 3 mfululizo kabla ya kuuamini, na kwa Mwanza mimi hudai mita 5, kwa matundu kadhaa yaliyosambaa kiwanjani. Tundu moja katikati ya kiwanja halitoshi.

Uzito wenyewe uko hivi. Jengo la zege la kawaida, pamoja na kuta, watu na samani, lina takribani tani 1 kwa kila mita ya mraba ya kila sakafu. Nguzo ya katikati inayohudumia eneo la mita 5 kwa 5 inabeba tani 25 kwa kila ghorofa. Kwa ghorofa tano ni tani 125, na kwa ghorofa 12 ni tani 300 zikitua kwenye nukta moja ya kiwanja chenu. Nguzo ya kubeba mzigo huo huwa na sentimita 50 hadi 60 kila upande, nayo itasimama katikati ya fremu zile zile zinazowalipeni leo. Wapangaji wa maduka hawapendi nguzo katikati ya duka. Wataomba mpunguze kodi, na watakuwa na haki.

Hapo ndipo swali lako la maghorofa yasiyo na wapangaji linapoingia, na nafurahi kwamba uliliuliza, kwa sababu ndugu wengi wanaogawana urithi hawaliulizi kabisa. Mwanza imebanwa na jiografia yake. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine kuna vilima vya mawe ambavyo nyumba zimevipanda hadi pasipofikika kwa gari, na katikati kuna kipande kidogo cha ardhi tambarare ambacho tangu reli ilipofika mwaka 1928 ndicho kilichobeba biashara yote ya pamba, samaki na bidhaa za dukani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1 katika wilaya mbili za mjini Mwanza, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja. Mwaka 2025 daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi likafunguliwa, na msafiri wa Sengerema au Geita aliyekuwa akipanga foleni ya kivuko sasa anafika mjini na kurudi kwake siku hiyohiyo. Watu wanaongezeka na ardhi ile haiongezeki, hivyo bei ya kiwanja inapanda, na mwenye kiwanja cha bei kubwa anaona nyumba ya chini ni hasara. Hadi hapo hesabu ni sahihi.

Kosa huja pale anapodhani kwamba kila ghorofa anayoongeza inampa kile anachopata chini. Katika miji yetu mteja huingia dukani kutoka barabarani kwa miguu. Fremu ya chini hukodishwa kwa bei ya juu kabisa, ya ghorofa ya kwanza hupungua sana, na kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu mnakuwa hamuuzi tena duka. Mnauza ofisi au makazi, yaani soko jingine lenye wateja wachache na wagumu. Wakati kodi inapungua kadiri mnavyopanda, gharama zinaongezeka: lifti, jenereta ya kuendesha lifti umeme unapokatika, ngazi za dharura, mfumo wa kuzima moto unaotakiwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Maji nayo hayapandi yenyewe. Ghorofa 12 zina urefu wa karibu mita 38, na kila mita 10 za kupanda zinataka takribani baa 1 ya msukumo, ambao bomba la mtaani haliwezi kuutoa saa zote. Kwa hiyo kuna tangi chini, pampu, na simtanki juu ya paa, na tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10 nyingine juu ya nguzo zetu zile. Mtu wa ghorofa ya 11 akifungua bomba likatoa hewa, mwezi ujao anahama.

Kuna hesabu nyingine ambayo inawashangaza watu, nayo ni ya uwiano wa kiwanja. Mipango miji hupanga ni sehemu gani ya kiwanja inaweza kufunikwa na jengo, na pia jumla ya sakafu zote inaweza kuwa mara ngapi ya eneo la kiwanja. Viwango vinavyohusu mtaa wenu mtavipata kwa afisa mipango miji wa jiji. Mimi natumia namba za mfano. Kiwanja chenu kina mita za mraba 600. Tuseme mnaruhusiwa kufunika asilimia 60, yaani mita 360, na jumla ya sakafu isizidi mara 3, yaani mita 1,800. Mkijenga ghorofa tano za mita 360 kila moja mmemaliza ruhusa yenu. Mkitaka ghorofa 12, kila moja inabaki na mita 150 tu. Ngazi, lifti na korido huchukua, tuseme, mita 60 katika kila sakafu, iwe kubwa au ndogo. Jengo la ghorofa tano linabaki na mita 1,500 za kukodisha. La ghorofa 12 linabaki na mita 1,080. Mmeongeza urefu zaidi ya mara mbili, na mmepoteza mita 420 za kupangisha.

Mwekezaji wenu bila shaka hafikirii sakafu za mita 150. Akipanga mita 360 mara 12 atapata mita 4,320, ambazo ni zaidi ya mara 7 ya kiwanja. Mwombeni awaonyeshe, kwa maandishi ya halmashauri, kwamba kiwango hicho kinaruhusiwa hapo, na awaonyeshe magari ya wapangaji hao yataegeshwa wapi. Gari moja pamoja na nafasi ya kugeuzia linahitaji mita za mraba 25 hadi 30, kwa hiyo magari 30 tu yanazidi ukubwa wa kiwanja chote. Jibu lake likiwa ni maegesho chini ya ardhi, basi nanyi mtachimba shimo kama la jirani, kwenye mawe na maji, na nyumba itakayopasuka safari hii itakuwa ya mtu wa upande wa pili.

Wengine hawasubiri ruhusa, wanaongeza tu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Tangu hapo kila mteja anaponiambia kwamba «tutaongeza mbili huko juu baadaye, mkaguzi ni mtu wetu», mimi hufunga faili lake.

Kuhusu hofu ya kaka mkubwa, ana kipande cha ukweli mkononi. Mpango kabambe wa jiji huweza kutaka majengo mapya ya katikati yawe na ghorofa kadhaa, na ukiomba kibali cha kujenga nyumba ya chini hapo unaweza kukataliwa. Lakini mpango huo, wenyewe tu, haubomoi nyumba iliyokwisha kusimama kihalali. Miliki inaweza kufutwa kwa kuvunja masharti ya hati, ila kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 unaoanza na notisi kwa mmiliki, na tishio la kijana wa mwekezaji akiwa ameshika kalamu si notisi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekitaja: hati ya baba ni ya miaka mingapi, na imebaki mingapi? Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ikiwa ile ya baba ni ya zamani na ya muda mfupi, huenda imekwisha au inakaribia, na hapo mnayejadiliana naye kwanza ni kamishna wa ardhi. Angalieni pia kama kodi ya ardhi imelipwa, kwa sababu madeni hayo ndiyo hugeuza familia kuwa wavunja masharti bila kujua.

Sasa masharti yenyewe ya mwekezaji. Miaka 30 kisha jengo lenu linasikika vizuri hadi ufikirie ni jengo lipi litakalokabidhiwa. Lifti ikitunzwa vizuri hudumu miaka 20 hadi 25. Mabomba ya ndani, paa na pampu navyo vitakuwa vimechoka. Aliyejua kwamba ataondoka mwaka wa 30 hana sababu ya kubadilisha lifti mwaka wa 27, na nyinyi, ambao wengine mtakuwa wazee, mtapokea jengo refu linalodai matengenezo makubwa siku ileile. Mkataba wa namna hiyo haufai bila mfuko wa matengenezo unaochangiwa kila mwezi kutoka kwenye kodi, unaotunzwa katika akaunti ambayo hawezi kuigusa peke yake, na ukaguzi wa mhandisi huru walau miaka mitano kabla ya makabidhiano.

Asilimia 20 ya kodi nayo inategemea kodi ipi. Akisema ni ya faida baada ya gharama, atakuwa yeye anayeandika gharama, na mwaka wowote anaoutaka faida itakuwa sifuri. Ikiwa mtakubaliana, iwe ni sehemu ya kodi yote inayokusanywa, na pawepo kiwango cha chini kisichopungua kile ambacho fremu nne zinawapa leo, kikilipwa tangu siku ya kubomoa, kwa sababu mama na wapangaji wenu wanahitaji kula hata katika miaka ya ujenzi. Zile flati nne ziandikwe kwa majina na namba kwenye michoro, kila moja na hati pacha yake, yaani hati ya umiliki wa flati hiyo, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Flati ya ahadi isiyo na hati mtakuwa mnaishi humo kama wageni waalikwa.

Hati halisi msiikabidhi. Mara nyingi sababu ya kuitaka ni kuipeleka benki iwe dhamana ya mkopo wa ujenzi. Akifikia ghorofa ya tano fedha zikaisha, mtabaki na mifupa ya zege yenye nondo zilizoelekea juu zikipata kutu, kama mlizokwisha kuziona katika mitaa mingi, na benki itauza kiwanja cha baba yenu ili kurudisha deni lake. Mwekezaji mwenye mtaji hutumia fedha zake hadi jengo lisimame, au huleta dhamana yake mwenyewe. Na ikiwa si raia wa Tanzania, fahamuni kwamba hawezi kumilikishwa ardhi kama raia. Anapata haki ya matumizi kwa ajili ya uwekezaji kupitia taasisi ya serikali inayohusika, na mkataba wa chini ya meza naye hauna nguvu.

Ukinilazimisha kuchagua, kwa kiwanja hicho ningejenga ghorofa nne au tano, maduka chini na ghorofa ya kwanza, ofisi ndogo au vyumba vya kupangisha juu, na ningejenga kwa awamu. Msingi na nguzo zisanifiwe kwa ghorofa zote tano tangu siku ya kwanza, lakini mnajenga mbili, mnapangisha, mnaendelea. Nasisitiza hilo la usanifu, kwa maana kupandisha ghorofa juu ya msingi uliosanifiwa kwa ghorofa mbili ni kuwaua watu kwa mafungu. Njia hii ni ya polepole, itawachosha ndugu wanaotaka fedha sasa, na haina jina la kutambia. Kusubiri pia ni uamuzi: bei ya kiwanja haishuki kwa sababu mmekaa miaka miwili mkijipanga. Kuuza na kugawana nako si aibu, hasa kama hamuelewani, mradi mthamini aliyesajiliwa apime thamani kwanza na mama awe na pake pa kuishi. Na kuna mazingira ambamo ghorofa 12 zingefaa, kwa mfano kama nyinyi na majirani wawili mngeunganisha viwanja, ngazi na lifti zikahudumia sakafu kubwa. Kwa mita 20 kwa 30 peke yake, mimi sioni.

Umeniandikia mwishoni, kwa maneno machache ambayo sikuyanukuu hapo juu, kwamba mama analalamika ukuta wa jirani utaficha ziwa. Ziwa lionekanalo dirishani halimo katika hati yenu, na sijui njia ya kumzuia jirani kwa hoja hiyo. Lakini upepo ni hoja ya kweli. Mchana upepo hutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka, na safu ya majengo marefu yaliyobanana kando ya maji huukata, joto likabaki mitaani na umeme wa viyoyozi ukapanda. Mwanza, nyuzi 2 na nusu kusini mwa Ikweta, haina tatizo kubwa la kivuli cha maghorofa. Ina tatizo la hewa. Kama mtajenga, mwambieni mbunifu majengo aache nafasi pande mbili na afungue madirisha yanayotazamana.

Watu wa kuwaona ana kwa ana ni hawa. Wiki hii, mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, aje auone ufa kwa macho yake, kwa sababu mimi ninasema kwa kutegemea barua na huwezi kupima ukuta kwa barua. Halafu wakili, na kazi yake ya kwanza ni mirathi: hati ina jina la marehemu, kwa hiyo mnahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na haki ya mama kama mjane iandikwe wazi kabla ya ya mtoto yeyote. Afisa ardhi na afisa mipango miji wa halmashauri watawaambia miaka iliyobaki na viwango vya kiwanja. Uchunguzi wa udongo na mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukokotoa gharama za ujenzi, waje baadaye, mkiwa mmeamua kujenga.

Mwekezaji akipiga simu kuuliza mmefikia wapi na mwezi unakwisha, kaka mkubwa anaweza kumjibu kwa heshima kwamba mahakama bado haijateua msimamizi, na kwa sasa hakuna hata mmoja kati yenu watano mwenye mamlaka ya kusaini.